Mama Aliporudi Mlango kwa Mlango

Harufu ya kibuyu kinachofukizwa moshi bado hunikamata koo. Kogo alikuwa akichukua kijiti kilichowaka, anakitumbukiza ndani ya kibuyu kitupu na kukisugua huku na huku mpaka moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu na mkaa unashika pande zote, kisha anamimina maziwa na kuyaacha yalale. Siku kadhaa baadaye maziwa hayo yalitoka mazito, yana rangi ya kijivu, na harufu yake ilifika nyumbani kwetu kabla hajaita mtu. Jina lake halisi sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Sisi watoto wa laini, zile safu za nyumba za vibarua, tulimwita Kogo, ambalo kwa lugha ya Watugen ni nyanya, na wazazi wetu nao wakamwita hivyo hivyo ingawa hakuwa nyanya wa mtu yeyote pale isipokuwa watoto wa mwanawe, mchungaji wa ng'ombe wa mzungu mwenye shamba.

Shamba lilikuwa juu ya Rongai, upande wa kupanda kwenda Molo, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa mashambani mpaka jua lipate nguvu. Ilikuwa ni ile miaka ya hamsini ya kutembea na kipande, kile cheti cha kazi, mfukoni. Nyumba nyingi za laini zilibaki tupu wakati wa Mau Mau, vibarua Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, na sisi Wamaragoli tukaletwa kuzijaza. Baba aliendesha mkokoteni wa ng'ombe. Mama alichuma pareto, maua ya dawa ya kuua wadudu, pamoja na wanawake wengine, vikapu viunoni, vidole vikikimbia juu ya maua meupe, na jioni alirudi na harufu kali iliyomfanya apige chafya usingizini. Hatukuwa na ng'ombe wala shamba la kwetu. Kwa hiyo mama mzee mwenye maziwa, anayekuita ukipita na kukujazia kikombe bila kukuuliza wewe ni wa kabila gani, alikuwa mtu mkubwa sana kwetu.

Kogo alikuwa na desturi ya kwao ya kubariki watoto wachanga. Alimpokea mtoto mikononi, akamsifu, halafu akamtemea mate kifuani, mate mepesi kama manyunyu. Mara ya kwanza wanawake wetu waliruka kwa mshtuko. Mwanawe akaeleza kwamba kwao mzee akikutemea mate hivyo amekutakia maisha, na basi wakazoea, wakawa wanacheka. Mdogo wangu Yona alipozaliwa, mama mwenyewe ndiye aliyembeba hadi kwa Kogo. Nilikuwepo. Kogo alimpima kwa mikono, akasema, "Huyu ni mnono kama ndama," akamtemea, na Yona akakunja uso kwa ule ubaridi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, hata hakumpangusa.

Yona alifariki Jumamosi moja alasiri, kabla hajaweza kukaa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka kuokota kuni. Nilipoingia nilimkuta mama ameketi kitandani amempakata, anamtikisa polepole, na ndani ya nyumba mlikuwa na harufu ya busaa, pombe ya nafaka. Harufu hiyo niliisikia na nikaipuuza, kwa maana Jumamosi ya mshahara laini nzima ilinuka busaa, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi ambaye kitu kilichomtisha ni ule mkono mdogo ulioning'inia. Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni Kogo. Alimtemea mate, nami sikumpangusa." Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Baba alipofika aliambiwa vivyo hivyo, na baada ya mazishi mama akazunguka laini, akiingia nyumba hii na kutoka nyumba ile, akilia na kulisema lile neno, na kila aliyelisikia aligeuka kutazama mlango wa Kogo.

Sitaki kuyafupisha yaliyofuata, kwa sababu yalikwenda polepole na kila mtu alikuwa na mkono wake ndani. Hakuna aliyempiga Kogo. Hakuna hata aliyemtukana. Wanawake waliacha tu kupokea maziwa yake, mmoja akisema ameshiba, mwingine akisema tumbo linamsumbua, mpaka akaacha kuita. Kisimani walimngojea amalize kuteka ndipo wasogee. Akipita karibu na mama mwenye mtoto mgongoni, yule mama alishusha ncha ya leso na kumpangusa mtoto uso na kifua, haraka haraka, hata kama Kogo alikuwa ameangalia upande mwingine. Sisi watoto tulilifanya mchezo: akitokea Kogo tunapangusana na kukimbia tukicheka, na mimi, dada wa marehemu, ndiye niliyepewa heshima ya kuanza. Kogo alianza tu kutembea na mikono nyuma ya mgongo, ameishikanisha, ili kila mtu aone haimgusi mtu. Na kabla ya msimu wa baridi kuisha tukasikia wanaume wakisema nyapara amekwisha kukubali, atamweleza bwana mkubwa amwondoe yule mzee shambani, pamoja na mwanawe, wajukuu na kila kilicho chao.

Ndipo mama akaokoka. Wandugu, kama walivyojiita, walikuwa wakikutana Jumapili alasiri kwenye banda la kukaushia pareto, wakiongozwa na Ndugu Hezekia, fundi aliyetengeneza magurudumu ya mikokoteni. Alikuwa mtu mpole mwenye vidole vilivyokatikakatika. Kwao ibada peke yake haikutosha. Walitaka mtu ayatoe mambo yake nuruni, ayataje kwa majina yake mbele ya wenzake, na baada ya hapo aende kutengeneza. Tuliwaona wakirudisha vitu. Mmoja alimpelekea mzungu jembe aliloiba zamani, na mzungu hakujua amfukuze au ampe mkono. Baba aliwacheka, akisema watu hawa siku moja watatubu hata ndoto. Lakini mama alikuwa halali vizuri tangu Yona, amekonda mashavu, na alikwenda kule kama mtu anayekwenda hospitali.

Jumapili aliyosimama nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake. Banda lilikuwa na joto la ule moshi wa kukaushia, na trei za pareto zilipangwa juu yetu mpaka karibu na paa. Mama alisimama, akashika nguzo. Alianza na mambo madogo, hasira na masengenyo, na wandugu wakawa wanaitikia kwa upole. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ile ile ya siku ya kuni. "Mtoto wangu hakuuawa na jicho wala mate ya mtu. Nilikuwa nimekunywa busaa. Nilimnyonyesha nikiwa nimelala, usingizi ukanichukua, nikamlalia. Nilipoamka alikuwa chini ya mkono wangu. Nikamsingizia Kogo."

Nakumbuka nilikazia macho kisigino cha mwanamke aliyekaa mbele yangu, kisigino chenye nyufa, na nikakitazama kana kwamba nimeagizwa nikilinde. Uso uliniwaka moto. Hata Yona sikumfikiria, wala Kogo. Nilichofikiri ni kwamba kesho kisimani kila mtoto atajua mama yangu ni mlevi aliyemuua mdogo wangu, na nikatamani, Mungu anisamehe, kwamba angeendelea kudanganya. Pale juu yangu watu walikuwa wameshaanza kuimba. Walimkumbatia mama mmoja mmoja, wanaume wakampa mikono, Ndugu Hezekia akalia waziwazi, na wimbo ukapanda ukavuka kuta za mabati. Mama alikuwa na uso wa mtu aliyeshusha mzigo. Sijui kama kuna aliyekumbuka kwamba Kogo, mwenye jina lililotajwa, alikuwa nyumbani kwake hatua chache kutoka pale, akisaga mahindi yake, akisikia tunavyofurahi.

Tulirudi nyumbani mama akiimba. Habari zilikuwa zimetutangulia. Baba alikuwa ameketi nje juu ya nira ya ng'ombe, na hakuinua kichwa. "Watu wote wamejua kabla yangu," akasema. Mama akaanza kueleza kwamba amesamehewa, kwamba damu ya Yesu imemwosha, na baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nani kwa huyo mtoto?" Hakumgusa. Alichukua blanketi lake akaenda kulala na waendesha mikokoteni wenzake, na kwa wiki nyingi zilizofuata alikuwa akija mlangoni na kuzungumza kupitia kwangu, mama akiwa amesimama pale pale. "Rasoa, mwambie mama yako kuna posho ya kuchukua." Nami nilisema, "Mama, kuna posho ya kuchukua." Hiyo nayo ilikuwa aibu ya aina yake, kuwa daraja kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

Siku ya pili asubuhi, kabla ya kwenda pareto, mama alinishika mkono tukaenda kwa Kogo. Alikuwa ameinama mlangoni anafukiza kibuyu. Alipotuona aliweka kile kibuyu chini na mikono yake ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo. Mama alipiga magoti kwenye majivu. Alisema yote, kwa haraka, na akamalizia kwa kusema kwamba Mungu amemsamehe jana.

Kogo aligeuza uso kuelekea banda la pareto.

"Mungu alikusikia jana," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mimi sikuwa huko."

Mama akasema, "Ndiyo maana nimekuja, Kogo. Nisamehe."

"Ulipeleka maneno kwa kila mlango na miguu yako. Enda uitoe na miguu hiyo hiyo. Mimi nitakuja nyuma, nisikie. Na huyu mtoto akuje, kwa sababu yeye pia alikuwa anacheka." Aliponitaja hakunikazia macho. Aliangalia kibuyu chake, na mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Mama alifikiri jambo hilo limekwisha bandani. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na nadhani lilikuwa kosa la wale wandugu wote pamoja na wema wao. Walijua namna ya kusimama mbele ya watu wanaokupenda, ukasema na ukaimbiwa. Kumwendea yule ambaye hatakuimbia ni jambo lingine. Alasiri hiyo, kazi ilipokwisha, mama alijifunga leso upya na tukaanza. Mlango wa kwanza alioutaka ulikuwa wa waendesha mikokoteni, kwa baba. Baba alitoka, akamwona Kogo amesimama nyuma yetu na mikono mgongoni, na kwa mara ya kwanza akavua kofia.

"Hodi," mama akasema. "Nimekuja kuchukua neno nililoacha kwako. Kogo hakumuua Yona. Nilikuwa nimelewa, nikamlalia. Nilikudanganya wewe uliye baba yake kabla sijamdanganya jirani yeyote." Baba alitikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayehesabu mifugo, akarudi ndani. Tukaenda mlango uliofuata.

Alisema maneno hayo hayo kwa kila nyumba. Hodi, nimekuja kuchukua neno nililoacha hapa. Mwanamke mmoja alitaka kumwokoa, akamvuta mkono akisema, "Ingia unywe chai bwana, usijiaibishe hivi mbele ya mtoto." Mama alikataa kuvuka kizingiti mpaka aseme. Mwingine alicheka kwa kukosa la kufanya. Mwingine alifunga mlango, na mama akasema nje, kwa sauti ya kutosha. Kwa nyapara alisita kubisha, maana nyapara aliweza kutufukuza sisi badala ya Kogo, na kwa kweli alimwambia, "Sasa wewe mama unataka nimwambie bwana mkubwa nini?" Mama akajibu, "Mwambie hakuna mchawi hapa. Kuna mlevi." Nyapara akajikuna shingo, akasema atanyamaza, na kutoka siku hiyo habari ya kumfukuza Kogo haikusikika tena.

Kwa Mama Truphosa, mchuma pareto aliyekuwa na mapacha, mambo yalikwenda tofauti. Alisikiliza huku machozi yakimtoka, kisha akampita mama kana kwamba hakumwona, akasimama mbele ya Kogo. "Mimi nilipangusa watoto wangu mbele yako," akasema. Kogo akajibu, "Nilikuona." Basi hivyo tu. Lakini Mama Truphosa alitoka nyumbani kwake akajiunga nasi, na mlango uliofuata tulikuwa wanne.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika nyumbani kwetu. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimechoka kwa aibu kama mtu anavyochoka kwa jembe, nikataka kuingia ndani nijifunike. Mama alinigeuza, akaniweka mlangoni, yeye akabaki nje pamoja na wale wanawake wawili.

"Hodi, Rasoa," akasema.

Nilishika mwimo wa mlango. Hakuna mama anayembishia hodi mtoto wake.

"Nimekuja kuchukua neno nililoacha hapa. Wewe ndiye niliyekuambia kwanza."

Akayasema yote tena, kwangu mimi, akiniita kwa jina. Nilitazama mikono ya Kogo ili nisimtazame mama, lakini mikono ya Kogo haikuonekana. Mwishowe nikasema "Karibu," kwa sababu ndilo neno pekee nililofundishwa kumjibu anayepiga hodi, na mama akaingia akakaa kitandani pale pale nilipomkuta siku ya kuni, akalia kilio ambacho bandani hakukilia.

Mambo yalirudi kidogo kidogo, na mengine hayakurudi. Mama alikuwa wa kwanza kwenda na kikombe kuomba maziwa, kisha Mama Truphosa, kisha wengine wakaanza kuona haya kubaki peke yao. Baba alirudi jioni moja na mzigo wa kuni begani, akautua, akamuuliza mama, bila kupitia kwangu, kama kuna chakula. Busaa haikuingia tena kinywani mwa mama maisha yake yote. Ndugu Hezekia, alipoisikia habari ya milango, alikuja mwenyewe kwa Kogo na kumwomba radhi kwa ule wimbo. Lakini Kogo hakumbariki tena mtoto wa mtu. Walimletea wachanga wao, wakimsihi, naye aliwasifu kwa maneno, akatabasamu, na mikono ikabaki nyuma.

Siku hizi nasali katika kanisa kubwa mjini Nakuru, lenye vipaza sauti na viti vya plastiki. Wakati wa toba ukifika maneno yanawekwa ukutani kwa mwangaza, nasi tunayasoma kwa pamoja, kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Tunamaliza kabla ya mtoto kumaliza kulia. Siyadharau maneno hayo, ni mazuri, na nimeyasoma kwa moyo. Ila nikiangalia kushoto na kulia naona watu ninaowajua hawasemezani, ndugu waliogombania shamba, wakwe waliorushiana maneno, na wote tunasoma sauti moja, na tukitoka kila mtu anapita mlango wake. Mungu ametusikia. Wale tuliowakosea hawakuwepo, au walikuwepo na hatukugeuka. Wajukuu huniuliza kwa nini nainamisha kichwa kwa muda mrefu kuliko wengine, nami huwaambia ni shingo ya uzee.

Ukweli ni kwamba namfikiria Kogo, siku aliyoletwa kumwona mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeolewa huko huko Rongai, na mama, ambaye nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, alimshika mkono yule mzee mpaka nyumbani kwangu. Kogo alikuwa haoni vizuri tena. Alimsifu mtoto kwa maneno, kama kawaida yake, mikono mgongoni. Mama akamchukua mtoto kifuani kwangu, akamfungua shuka, akasimama mbele ya Kogo na kusema, "Mbariki, Kogo. Mbariki kama ulivyombariki Yona." Yule mzee akageuza uso kunitafuta mimi. "Na mama yake?" akauliza. "Anakubali?"

Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimebatizwa. Nilikuwa nimesimama kwenye kila mlango na kusikia kwa masikio yangu. Lakini kabla ya kusema ndiyo nilinyamaza, kitambo kidogo cha kuvuta pumzi tu, na mkono wangu ukawa umeshika ncha ya leso bila mimi kuutuma. Mama aliuona. Kogo, ambaye hakuona vizuri, nadhani aliusikia ule ukimya kuliko sisi sote. Mama akainamisha kichwa, na nikajua kwamba alikuwa akihesabu upya milango yake na kuona kuna mmoja ambao neno lake halijatoka.

"Ndiyo, Kogo," nikasema. "Nakubali. Nisamehe."

"Nilijua utasema," akajibu, na hakuonekana kuwa na hasira. Taratibu, kama mtu anayetoa kitu kilichokaa mahali pamoja miaka mingi, alileta mikono mbele, akampokea mwanangu, akampima, akasema ni mnono kama ndama. Kisha akamtemea kifuani. Mtoto akakunja uso, matone yakang'aa pale kwenye ngozi, na sote watatu tukasimama kuyatazama yakikauka kwa upepo. Sikumpangusa.